Kabla ya kula kiapo: Nasaha kwa kijana anayetaka kuingia jeshini

 

Makala yetu ya leo tunawaelekezea vijana wetu waliomaliza skuli, na wazazi wao. Linazungumzwa sana majumbani nyakati ambazo matangazo ya kuandikisha askari hutoka, nalo ni hili: kijana wa Kiislamu anayefikiria kuingia jeshini, azingatie nini kabla ya kupeleka maombi yake?

Mtu wa Gombani, pale Chake Chake, hana haja ya kusafiri ili aone uzuri wa jeshi. Uwanja wa Gombani umepokea magwaride mengi. Januari 12, 2025, kilele cha sherehe za kutimiza miaka 61 ya Mapinduzi ya Zanzibar kilifanyika hapo hapo. Vijana waliojaa majukwaani huona safu zilizonyooka kama uzi, sare zilizopigwa pasi, na mguu mmoja ukigonga ardhi kwa watu mia. Baada ya hapo si ajabu kijana akarudi nyumbani usiku na kumwambia mama yake kuwa naye anataka kwenda.

Matamanio hayo hayana aibu. Lakini gwaride ni uso wa jeshi, na ndani yake mna mengi. Kazi nyingine mtu huiacha pale asipoipenda: mvuvi huuza dau, mwenye duka hufunga duka, na mwalimu huandika barua ya kuacha kazi. Askari hula kiapo. Baada ya kiapo, mahali atakapolala, atakapokwenda, na pengine atakapofia, huamuliwa na mwengine. Kwa sababu hiyo maswali yote makubwa yana wakati wake, nao ni kabla ya kiapo. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika mwanzo wa Suratul Maida kutimiza ahadi, na katika Suratul Israa aya ya 34 ametukumbusha kuwa ahadi ni jambo litakaloulizwa. Basi mwenye akili hujiuliza yeye mwanzo, kabla hajaulizwa.

Jua unakokwenda

Watu wengi husema "jeshi" wakachanganya mambo yaliyo mbali mbali. Jeshi la Wananchi wa Tanzania, yaani JWTZ, liliundwa Septemba 1, 1964, nalo ni jeshi la Muungano mzima. Ulinzi ni miongoni mwa mambo ya Muungano, na Amiri Jeshi Mkuu ni Rais wa Jamhuri ya Muungano. Kijana wa Pemba akiingia humo, anaweza kujikuta Tanga, Songea, Kigoma, au nje ya nchi kabisa.

Vikosi vya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ni jambo jengine. Humo mna Jeshi la Kujenga Uchumi (JKU), Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo (KMKM), Chuo cha Mafunzo kinachosimamia wafungwa, pamoja na Zimamoto na Valantia. Kila kimoja kina kazi yake. Anayependa bahari na anayependa kilimo hawana sababu ya kubisha hodi mlango mmoja.

Halafu lipo Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, lililoanzishwa mwaka 1963. Vijana wa kujitolea hukaa humo miaka miwili, na wahitimu wa kidato cha sita huitwa kwa mujibu wa sheria kwa miezi mitatu, utaratibu uliorejeshwa mwaka 2013 baada ya kusimama tangu mwaka 1994. Hapa ndipo familia nyingi hujidanganya. JKT yenyewe imekuwa ikieleza katika matangazo yake kwamba mafunzo yake si ahadi ya ajira. Mzazi anayemtoa mwanawe huku akihesabu mshahara wa baada ya miaka miwili, anahesabu vifaranga kabla ya mayai kuanguliwa. Mwezi wa Aprili 2021 Mkuu wa Majeshi wa wakati huo, Jenerali Venance Mabeyo, alitangaza kuondolewa makambini vijana 854 wa JKT waliogoma na kutaka waajiriwe. Haja yao ya kazi inaeleweka na kila mzazi. Lakini kambi si mahali pa mgomo, na ahadi ambayo haikuandikwa haina pa kudaiwa.

Kwa hiyo, ndugu kijana, soma tangazo lenyewe, usisome tafsiri ya jirani. Masharti hubadilika mwaka hadi mwaka: umri, elimu, vyeti, mafunzo yanayotakiwa. Lichukue tangazo, ulisome mstari kwa mstari pamoja na baba yako au kaka yako, kisha mjiulize kama kila sharti mnalo kwa kweli.

Unakwenda kwa nia gani?

Bwana mmoja alimwendea Mtume (S.A.W.) akamuuliza juu ya watu watatu: anayepigana kwa ajili ya ngawira, anayepigana ili atajwe, na anayepigana ili aonekane mahali pake. Ni yupi kati yao aliye katika njia ya Mwenyezi Mungu? Katika mapokezi ya Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Musa Al-Ash'ari (R.A.), Mtume aliyaacha yote matatu, akaitaja nia moja tu, ya mwenye kupigana ili neno la Mwenyezi Mungu liwe juu. Ikiwa vita vyenyewe vilipimwa kwa nia, seuze ajira ya jeshini katika wakati wa amani!

Hatusemi kuwa kutafuta riziki ni dhambi. Kumlisha mama, kuwasomesha wadogo na kujiepusha na kuombaomba ni ibada. Hatusemi pia kwamba kila Muislamu anayetumikia dola hii amekosea. Nabii Yusuf (A.S.), kama tunavyosoma katika sura yenye jina lake, aya ya 55, aliomba mwenyewe kusimamia hazina ya Misri chini ya mfalme asiyekuwa wa dini yake, kwa sababu alijua kuwa ni mwaminifu na mjuzi, na watu watafaidika. Kulinda mipaka, kuwaokoa waliozama na kuwazuilia wezi bahari ni manufaa kwa watu wote.

Tunachosema ni kwamba nia ya mshahara peke yake haimtoshi askari. Januari 20, 1964, askari wa Tanganyika Rifles katika kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, waliasi kwa madai ya mishahara na vyeo. Serikali changa ya Tanganyika ikatikisika, wanajeshi wa Uingereza wakaitwa kuzima maasi, na jeshi lile likavunjwa. Kundi zima la watu wenye silaha liliona kiapo ni kidogo kuliko posho. Mwenye kuingia kwa ajili ya fedha tu, siku fedha itakapochelewa atakuwa na bunduki mkononi bila ya kitu cha kumzuia moyoni.

Yupo pia anayekwenda kwa ajili ya kuogopwa mtaani. Huyo tunamnasihi abaki nyumbani. Sare haikushonwa kwa ajili ya kulipiza kisasi cha kugombea mpaka wa shamba.

Umeingia kwa mlango gani?

Hili ni zito, na tunaliomba lisomwe kwa utulivu. Zipo familia zinazouza ng'ombe, zinazoweka rehani mikarafuu, au zinazokopa kwa ndugu aliyeko Oman, ili zimpe fedha mtu anayedai kuwa "ana mkono" makao makuu. Mara nyingi mtu huyo ni tapeli. Atachukua fedha, atazima simu, na hapatakuwa na wa kushitakiwa, kwani aliyetoa naye amefanya kosa. Kuomba kujiunga na jeshi hakuuzwi. Yeyote anayetaja bei amekwisha kujitambulisha ni nani.

Lakini tuseme si tapeli, na nafasi imepatikana kweli. Je, limekwisha? Halijaisha. Mtume (S.A.W.) amemlaani mwenye kutoa rushwa na mwenye kuipokea, kama walivyopokea Abu Daud na Tirmidhi. Baadhi ya watu hujitetea kwamba wanalipa ili wapate haki yao. Hoja hii haisimami hapa. Nafasi inayoshindaniwa na mamia ya vijana si haki ya yeyote mpaka achaguliwe kwa sifa zake. Ukiinunua, umemuondoa kijana mwenzako, pengine yatima wa shehia ya pili aliyekimbia mbio zake alfajiri miezi sita bila ya senti ya kumpa mtu. Kila mwisho wa mwezi utakapopokea mshahara, yeye ni mdai wako mbele ya Mola wenu. Anayeombwa rushwa Zanzibar anaweza kwenda ZAECA, na Bara kuna TAKUKURU. Kukaa kimya kunampa mla rushwa mteja mwengine.

Na uongo wa vyeti ni ndugu wa rushwa. Kupunguza umri, kuazima cheti cha kidato cha nne cha binamu, au kughushi cheti cha kuzaliwa ni kujenga nyumba juu ya mchanga wa pwani. Vyeti huhakikiwa, na aliyeghushi hukaa maisha yake yote akiogopa kila bahasha.

Katika mlango huu huu lipo jambo la ndoa. Matangazo ya kujiunga na JWTZ yamekuwa yakitaka mwombaji awe hajaoa au hajaolewa. Wapo wanaofunga nikaha nyumbani, kisha wakaandika kwenye fomu kuwa hawana mke. Matokeo yake ni mke anayefichwa, mtoto asiyetajwa, na siku ya msiba mjane asiyetambuliwa. Kama umekwisha kuoa, basi mlango huo haukuwa wako, nawe umepewa neema nyengine. Kama umechumbia, mwambie mchumba wako na wazee wake ukweli, na uulize kwa yakini ni lini askari mpya huruhusiwa kuoa, ili binti wa watu asiwekwe katika kungoja bila ya kujua anangoja nini.

Radhi ya wazee

Kijana mmoja alimjia Mtume (S.A.W.) akiomba ruhusa ya kwenda jihadi. Mtume akamuuliza kama wazazi wake wako hai. Alipojibu kuwa wako hai, aliambiwa jihadi yake iwe katika kuwatumikia hao. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Mwengine, kama alivyopokea Abu Daud, alikuja akasema amewaacha wazazi wake wakilia. Aliamrishwa arudi akawachekeshe kama alivyowaliza.

Tazama, ndugu msomaji, hawa walikuwa wanakwenda kupigana chini ya bendera ya Mtume mwenyewe, na bado waliulizwa juu ya wazazi. Basi vipi anayekwenda kwenye ajira?

Radhi tunayoikusudia ni ya mtu aliyeelezwa, si ya mama aliyeambiwa, "Nakwenda kwenye mafunzo kidogo." Mwambie kwamba huenda ikapita Idi hujarudi. Mwambie kwamba unaweza kupelekwa vitani. Kama wewe ndiye mtoto pekee wa kiume, baba mgonjwa na shamba halina mtu, lipime hilo kwa haki. Na nyinyi wazazi, msiwazuie watoto kwa hofu tupu, wala msiwasukume kwa tamaa ya mshahara. Wapo vijana waliokwenda kwa kumridhisha baba aliyetaka kuitwa baba wa afande, ilhali mioyo yao haikuwa huko. Mtoto si karafuu ya kupelekwa mezani ikapimwe.

Amri ikitoka, utafanya nini?

Sasa tumefika kwenye moyo wa jambo. Katika nyumba nyingi za Pemba swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, na haifai tulipite. Januari 26 na 27, 2001, maandamano ya kisiasa Zanzibar yalizimwa na vyombo vya dola kwa risasi. Tume iliyoongozwa na Brigedia Jenerali Hashim Mbita ilithibitisha kuwa makumi ya watu walikufa, na miongoni mwa waliouawa alikuwemo pia askari polisi. Zaidi ya watu 2,000 walivuka bahari hadi Shimoni, Kenya. Mwezi wa Oktoba mwaka huo vyama viwili vikuu vilitia saini Muafaka, na mwaka 2010 wananchi waliipigia kura ya maoni serikali ya umoja wa kitaifa. Jeraha limefungwa bandeji, lakini wapo mama ambao kila wakiona sare moyo huwapiga. Mtoto wa mama huyo anapotaka kuvaa sare, ana haki ya kuuliza: nikiamrishwa kuwaelekezea bunduki watu wa kijiji changu, nifanye nini?

Dini imejibu kwa kisa kilichopokewa na Bukhari na Muslim. Mtume (S.A.W.) alituma kikosi, akaweka amiri juu yao na kuwaamrisha wamtii. Amiri yule akakasirika njiani, akawaamrisha wakusanye kuni, wawashe moto, kisha waingie ndani yake. Wakatazamana. Walikuwa wameingia Uislamu kwa kuukimbia Moto, vipi waingie moto kwa miguu yao? Wakasita mpaka hasira ya amiri ikatulia na moto ukazimika. Khabari ilipomfikia Mtume, alisema kwamba lau wangeliingia wasingelitoka tena, na akabainisha kuwa utii ni katika jambo jema tu.

Hawa hawakuasi. Hawakumpiga amiri wao wala hawakuvunja kikosi. Walikataa tendo moja la haramu, na utii wao katika mengine ukabaki. Na sheria ya nchi haiko mbali na hapo. Sheria ya Ulinzi wa Taifa ya mwaka 1966 humtia hatiani askari anayekaidi amri iliyo halali. Neno "halali" lina uzito wake. Katiba ya Jamhuri ya Muungano nayo, katika ibara ya 147, inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama chochote cha siasa, ingawa ana haki ya kupiga kura. Maana yake ni kwamba askari hana chama, ana nchi. Kijana anayeingia ili akatumikie chama anachokipenda, au ili akawakomoe wafuasi wa chama asichokipenda, anavunja kiapo kabla hajakila.

Abubakar Siddiq (R.A.) alipompeleka Yazid bin Abi Sufyan na jeshi kuelekea Sham alimuusia, kama ilivyo katika Muwatta ya Imam Malik, asiue mwanamke, mtoto wala mzee, asikate mti wenye matunda, wala asiharibu mahali panapokaliwa na watu. Mtu wa Pemba anajua mkarafuu hungoja miaka mingapi kabla ya kuzaa. Kama mti umewekewa ulinzi namna hii, mwanaadamu je? Suratul Maida aya ya 32 imefananisha kuua nafsi moja isiyo na hatia na kuua watu wote.

Lakini tusisahau upande wa pili. Haki mara nyengine humtaka askari amkamate aliye wake. Kijana wa Gombani akiwa KMKM, usiku mmoja huenda akasimamisha mashua yenye karafuu za magendo zinazokwenda Kenya, na nahodha akawa mjomba wake. Hapo Suratun Nisaa aya ya 135 inamtaka asimame na uadilifu hata dhidi ya nafsi yake, wazazi na jamaa. Asiyeweza kumkamata mjomba, na asiyeweza kujizuia kumpiga mjomba wa mwengine, wote wawili hawajawa tayari kwa sare.

Ibada ndani ya kambi

Wazazi huuliza: atasali? Jibu limo katika Qur'ani. Suratun Nisaa aya ya 102 imeeleza namna ya kusali kwa zamu, kundi moja likisali na jengine likilinda, adui akiwa mbele. Sala ambayo haikuanguka vitani haitaanguka kwenye kwata. Upo wepesi wa kutayamamu, wa kupunguza na kukusanya sala kwa msafiri, na wa kulipa saumu kwa aliye safarini au mgonjwa. Lakini wepesi huu una masharti yake, na kijana azisome hukumu hizi kwa sheikh wake kabla ya kuondoka, kwani kambini hatapata wa kumuuliza saa kumi za usiku.

Atakaa na vijana wa dini na makabila yote. Suratul Mumtahina aya ya 8 haimkatazi kuwafanyia wema na uadilifu. Mwenzake wa kitanda cha pili ndiye atakayembeba akijeruhiwa. La kuogopwa ni kundi baya, pombe ya siku ya mshahara na zinaa ya ugenini. Aliyeshindwa kujizuia Chake Chake, ambako kila mzee anamjua baba yake, asitegemee kwamba atajizuia katika mji ambao hakuna anayemjua.

Na mabinti zetu nao huandikishwa. Familia ya binti iulize wazi wazi juu ya sare, malazi na namna ya kupeleka malalamiko akidhalilishwa. Kuuliza si dharau kwa jeshi. Mzazi ana amana yake.

Deni na wasia

Askari huomba amani, lakini hulipwa kwa ajili ya siku isiyo na amani. Mwishoni mwa mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yaliivamia Kagera, na vita vilivyofuata viliwafikisha askari wetu Kampala Aprili 1979. Makaburi ya mashujaa ya Kaboya, mkoani Kagera, yanaeleza gharama yake. Julai 13, 2013, walinzi wa amani 7 kutoka Tanzania waliuawa Darfur, Sudan. Desemba 7, 2017, kambi yao ya Semuliki, Kivu ya Kaskazini katika Kongo, ilishambuliwa na waasi, na wanajeshi wetu wasiopungua 14 wakapoteza maisha. Hawa walikuwa watoto wa watu, wenye mama waliokuwa wakingoja simu.

Kwa hiyo anayekwenda aandike wasia. Katika hadithi ya Ibn Umar (R.A.), Mtume (S.A.W.) hakupendelea Muislamu mwenye kitu cha kuusia alale siku mbili bila ya wasia wake kuandikwa. Aeleze anadaiwa na nani na anamdai nani. Imepokewa na Muslim kwamba shahidi husamehewa kila kitu isipokuwa deni. Basi atakayefia ugenini akiwa na deni la fedha iliyotolewa rushwa amekusanya mizigo miwili.

Jengine ni jina linaloandikwa kwenye fomu za mafao. Vijana wengi huandika jina la mama au la kaka, kisha wakaoa na kusahau kurekebisha. Mwenye kutajwa kwenye fomu asidhani amerithishwa peke yake. Fedha za marehemu zilizo urithi hugawanywa kwa mafungu ya Suratun Nisaa, na Zanzibar Mahakama ya Kadhi ipo kwa ajili ya kuamua wanapohitilafiana. Mjane na watoto wasigeuzwe wageni katika nyumba ya baba yao.

Kwa ambaye hatakwenda

Wengi wataomba na wachache watachukuliwa. Aliyerudishwa kwa sababu ya jicho, mguu au umri hakupungukiwa na utu. Abdullah bin Umar (R.A.) alirudishwa siku ya Uhud kwa udogo wa umri wake, na baadaye akawa miongoni mwa wanavyuoni wakubwa wa umma huu. Vipo vyuo vya mafunzo ya amali, kama kile cha Vitongoji, ipo bahari, ipo mikarafuu inayohitaji mikono, na ipo elimu. Aliyejipima akaona hawezi kutimiza kiapo, akaacha, huyo ameshinda vita vyake vya mwanzo.

Basi, ndugu kijana, ukishasoma tangazo, ukaisafisha nia, ukapita mlango ulio safi, ukawaeleza wazee, na ukajua mpaka wa utii wako, sali rakaa mbili za istikhara kama Mtume (S.A.W.) alivyowafundisha Sahaba zake. Kisha mwendee mtu aliyestaafu jeshi kwa heshima, umuulize yaliyo nyuma ya gwaride. Ukitulia moyo, nenda, na uwe mkweli kwa nchi yako kama unavyotaka kuwa mkweli kwa Mola wako. Tirmidhi amepokea kwamba miongoni mwa macho ambayo Moto hautayagusa ni jicho lililokesha likilinda katika njia ya Mwenyezi Mungu. Usiukose ujira huo kwa kuingia na nia iliyoharibika.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awahifadhi vijana wetu wote, waliovaa sare na wasiovaa, awarehemu waliotangulia, aviepushe visiwa vyetu na nchi yetu na fitna, na awajaalie wenye silaha kuwa amani kwa wasio na silaha. Amin.